Wafu Sita wa Mfalme

Kwako Damkaya, dada yangu niliyekufuata ziwa moja,

Shamashi akuangazie asubuhi, Adadi akunyeshee shamba kwa wakati wake. U mzima? Mtoto je, kile kikohozi cha baridi kimemwachia? Na yule mbuzi mwekundu kazaa, au bado anatuzungusha tu? Mimi huku mzima, nakula, nalala, ila vidole viwili vya mguu wa kushoto vilibaki milimani kwenye theluji, na wala sivililii, vilikuwa vidogo. Mwandiko usiucheke. Barua hii naandika kwa mkono wangu, kwa zile herufi za Kiaramu nilizokufundisha kwenye majivu ya tanuri, kwa hiyo utaisoma mwenyewe na usimpe mtu akusomee, hata awe nani. Muuza chumvi anayekuletea hajui kusoma. Nimemjaribu: nilimwandikia tusi nikamwonyesha, akasema limekaa vizuri.

Ujumbe wako alinifikishia. Akanieleza kwamba Remani, mkuu wa kijiji, kaja mlangoni kwako na fimbo yake akakwambia kuwa mumeo Nuraya hakurudi na kikosi, na kati ya waliokufa hayumo, basi ni mtoro. Na shayiri ikishavunwa bila yeye kuonekana, shamba la jeshi linarudi kwa mfalme, na wewe na mtoto mnapelekwa kufyatua matofali. Najua unachotaka kusikia ni kitu kimoja tu, Nuraya yuko wapi na nyinyi mtapona vipi. Nitakwambia. Ila nikianzia mwisho hutanielewa. Halafu, dada, nina hasira mpaka kalamu inatoboa ngozi. Niache niiteme kwanza.

Wewe mfalme umemwona kwenye jiwe la langoni tu, mikono kama mapaja, ndevu kama mkeka uliosukwa jana, simba wawili wamekufa miguuni kwake. Mimi nimemwona wa nyama. Kazi waliyonipa huku ina jina refu kuliko kazi yenyewe: Mbeba Kibao cha Mfalme wa Ulimwengu. Mfalme akitaka kupanda gari la vita, naweka kibao chini, anakanyaga, anapanda, natoa kibao. Basi. Na kila siku kabla hajakanyaga anakitazama kwanza, kama kitamng'ata. Ni mtu mfupi, ana mafua yasiyoisha, na akinuna kambi nzima inanong'ona, hata punda wanavutwa masikio wasilie. Ndevu zile, nusu ni zake.

Vita vyenyewe, unajua vilianzaje? Mfalme wa Urartu, kule milimani, mwaka huu hakuleta farasi. Farasi tu. Wetu akanuna, akaita wasoma maini. Wakachinja kondoo, ini likasema usiende. Akanuna zaidi. Wakachinja wa pili, ini likasema usiende kabisa. Huyo msomaji mkuu kisu kilimwanguka mara mbili. Wakachinja, wakachinja, mpaka likapatikana ini moja lenye adabu, likasema nenda, na yule mzee akalia kwa furaha. Sisi tulikula nyama siku hiyo mpaka tukashindwa kusimama. Jamaa mmoja wa upinde akasema eti heri miungu iwe na ubishi kila siku. Tulicheka. Hatukujua kuwa tunakula matanga yetu wenyewe.

Mto tuliukuta umefura, maji ya theluji, yanabeba miti mizima. Mkuu wa viriba, mzee aliyezaliwa ukingoni pale, akapiga magoti akaomba tungoje maji yashuke, siku chache tu. Akajibiwa kwamba ini limeshasema nenda, sasa yeye na ini nani anajua zaidi. Tukajaza viriba pumzi, tukavikumbatia, tukaingia. Mfalme alivuka na mashua, amefunikwa blanketi. Dada, nilisikia watu wakiitana majina katikati ya maji, halafu wakaacha. Yule mfuma mikeka wa kijiji cha jirani, mume wa Kullaya, mwenye kile kicheko cha kukera, alikuwa mkono wangu wa kulia. Kiriba chake kilikuwa na kiraka. Alinitazama, akatazama kiraka, akasema, "Hiki nilikishona mwenyewe, bwana, usinicheke," na ndiyo yakawa maneno yake ya mwisho.

Milimani ndiko alikokuwa Nuraya karibu na mimi. Magari yalifumuliwa yakabebwa vipande vipande, na mfalme akabebwa mzima, kwenye kiti, watu wanne, kila mmoja mguu wake. Mumeo alipewa mguu wa mbele kushoto kwa sababu ya yale mabega yake. Nyuma ya kiti alitembea mshika mwavuli, anamkinga mfalme jua, na theluji inaanguka mpaka mwavuli unainama. Na mpepea nzi naye yupo, anapepea. Nzi gani kule juu? Lakini nani amwambie aache. Mfalme akatuma neno kuwa wabebaji wanapumua kwa kelele, wapunguze. Basi wakawa wanapanda mlima wamebana midomo, macho yamewatoka kama vyura. Tulipopumzika Nuraya akanikuta nimekalia kibao changu, nimevimba kichwa kidogo, unanijua. Akasema, "Shemeji, wewe umebeba kibao, mimi nimebeba makalio yenyewe. Tusidharauliane." Hata mpepea nzi alicheka.

Kesho yake, kwenye mpando mbaya kuliko yote, kiti kikaanguka. Nilikuwa hatua chache nyuma. Mguu wa mbele kushoto ulishuka, kiti kikainama taratibu kabisa, kama mtu anayemwaga maji ya kunawa, na Mfalme wa Ulimwengu akaingia kwenye theluji kichwa kwanza. Miguu ikabaki nje. Ana soksi za sufu nyekundu, dada, zimetoboka kisiginoni. Na hakuna aliyemgusa, kwa sababu mwili wa mfalme haushikwi bila ruhusa. Msimamizi wa kasri akapiga magoti karibu na ile miguu akauliza, kwa sauti ya adabu sana, kama Mfalme wa Ulimwengu anaruhusu ashikwe. Jibu halikusikika, mdomo umejaa theluji. Akauliza tena. Mimi niliuma mkono wangu mpaka damu.

Alipotolewa, amekuwa mweupe mpaka nusu ile ya ndevu isiyo yake, sote tulijua wabebaji watachunwa ngozi. Lakini msimamizi ni mjanja. Ukimwadhibu mtu kwa kumwangusha mfalme, umekiri mfalme kaanguka. Akageuka akatutangazia kwamba mfalme, kwa mapenzi yake, ameona vyema atembee kidogo. Tukajibu sote kwamba ametembea vizuri. Hapo ndipo nilipomwona Nuraya kwa mara ya mwisho. Nitarudi hapo.

Vita vyenyewe havikufika hata mchana. Mji wa Urartu tulioufuata, wenyewe walishauhama, wamebaki wazee na walinzi juu ya ukuta, lakini hao walinzi walijua kutupa mawe, na wetu wakaanguka pale chini kama matunda. Vilipokwisha wakaja waandishi wawili, mmoja na udongo wake wa kuandikia, mmoja na ngozi yake, wakakaa chini ya mti, maana kila kichwa cha adui unachopeleka unapewa zawadi. Wanahesabu bila kukosea. Na askari si wajinga. Wakaona kupanda ukutani kutafuta kichwa cha Urartu ni kazi, na hapa chini vipo tele, vimelala. Mwandishi haulizi kichwa kilizaliwa wapi. Nimeona kwa macho yangu, kwenye lile rundo, watu tuliokula nao nyama ya maini. Kwa hiyo wa kwetu nao walihesabiwa, dada, ila upande wa pili.

Tukarudi. Mfalme akawaandikia miungu barua, kama afanyavyo kila vita, na ikasomwa uani kwa hekalu mjini Ashuru, watu wote wamekusanywa wasikie. Msomaji ana sauti kama ng'ombe aliyepotea. Akaanza na salamu: Ashuru baba wa miungu awe mzima sana sana, miungu inayokaa mjini iwe mizima, mji na watu wake wawe wazima, mimi na kambi yangu ni wazima. Halafu akaja kwenye ule mto, eti nikauruka kama mtaro. Maini yote, eti kwa kauli moja, yakaniambia nenda. Na kule kwenye mpando mbaya, sikiliza hapa: nikakidharau kiti changu, nikashuka kwa miguu yangu, nikaiparamia theluji kama chui. Mshika mwavuli alikuwa amesimama mbele yangu. Niliona mabega yake yanatikisika, na hakuwa analia.

Mwishoni zikasomwa hasara. Wapiganaji wetu waliokufa: mtu mmoja wa gari, wapanda farasi wawili, askari wa miguu watatu.

Sita. Mto peke yake ulikula watu ambao wangejaza uwanja ule. Nikageuka kutazama watu, nikidhani watashtuka. Hakuna. Bibi mmoja kando yangu alikuwa anamenya kitunguu. Nikamuuliza kama kasikia. Akasema kasikia, ndio wale wale wa vita vya mwaka juzi, na vya kabla yake, na hata mumewe alipokwenda kule magharibi, zamani, walikufa hao hao: mmoja wa gari, wawili wa farasi, watatu wa miguu. Ndivyo barua ya miungu inavyoandikwa, akasema, kwani mimi nimezaliwa wapi? Mzee wa upande wa pili akaingilia: "Nawaonea huruma hao sita. Kila vita wao tu. Hawapumziki." Bibi akamwambia nyamaza, mzee. Akanyamaza, akaomba kitunguu.

Sasa uone ubaya wake. Majina hao sita hawana. Hawajawahi kuwa nayo. Lakini ni neno la mfalme kwa mungu, kwa hiyo kwa wakuu wa vikosi ndiyo hesabu, na asiyekuwa mmoja wa sita hakufa, na ambaye hakufa na hayupo ni mtoro. Nilikwenda kwa Kisri, mkuu wa kikosi cha Nuraya, nikakuta langoni kwake wanawake wamejaa mpaka barabarani, na vumbi, na watoto. Kullaya naye alikuwepo. Kisri amekaa kivulini, anakula tende, anawajibu wote jibu moja. "Mumeo si katika sita. Basi yu hai. Yu hai, mbona hayupo?" Kullaya akamwambia mumewe kafa mtoni, shahidi yupo, huyu hapa kasimama. Kisri hata hakunitazama. Akasema mto mfalme aliuruka kama mtaro, nani kasikia mtu akifia mtaroni?

Dada, unanijua nikikasirika, akili inakimbia mbele, mdomo unafuata. Nikasogea nikamuuliza, kwa adabu, kichwa chini, wale askari watatu wa miguu ni akina nani. Akasema askari watatu wa miguu. Nikasema ndiyo, bwana mkubwa, lakini majina. Akaacha kutafuna. Nikamwambia mimi ni mtu wa kasri, mbeba kibao (hilo jina lilinisaidia kwa mara ya kwanza na ya mwisho), na huwa najiuliza, siku msimamizi akitaka kuwajua hao mashujaa awape familia zao zawadi, Kisri atamjibu nini? Atasema majina hayapo? Maana majina yasipokuwepo, mfalme kamwandikia Ashuru nini?

Nilimwona anageuka rangi. Akaisukuma tende shavuni. Halafu akauliza, polepole, kama mimi nawajua. Nikasema wote sitawajua, lakini mmoja namjua vizuri: Nuraya, askari wa miguu, alianguka chini ya ukuta, nilimwona kwa macho yangu, niko tayari kuapa kwa Ashuru. Basi niliapa. Mungu aliyevumilia barua ndefu ile ya mfalme, neno langu moja fupi halitamsumbua. Na Kisri, utadhani nimemtua mzigo, alishusha pumzi, akaita udongo, akabandika muhuri wake: Nuraya, mmoja wa wale watatu, shamba libaki kwa mjane na mtoto. Kipande hicho cha udongo kimo kwenye gunia la chumvi, kimefungwa kitambaa cha bluu. Mpe Remani mbele ya watu, asubuhi, kisimani, asije akasema hakukiona.

Nilipotoka wanawake wakanizunguka wananivuta nguo. Nikawaambia ukweli, kwamba wafu hawana majina na anayewahi anapata, na kwamba kila mkuu wa kikosi ana hofu yake, kwa hiyo wasirundikane kwa Kisri peke yake. Mama mmoja akauliza itakuwaje, wa miguu wakijaa. Kullaya akamjibu, "Mpandishe farasi wako. Wangu leo atakuwa mtu wa gari, na alikuwa anaogopa hata punda." Wakaanza kucheka, wamefunika midomo kwa shuka, machozi yanawatiririka, halafu wakaingia wakisukumana. Kullaya alipata nafasi yake, hilo nililiona. Kisri alipotimiza sita wake alifunga lango. Waliobaki walikwenda kwa wakuu wengine, na huko sijui. Wapo waliorudi mikono mitupu, najua. Sura zao sizioni vizuri na sitaki kuziona.

Sasa kaa chini, dada. Kama mtoto yuko karibu mpe kitu cha kutafuna atoke nje.

Nuraya hakufa. Kiti hakikuponyoka, alikitua. Nilikuwa nyuma yake na niliona. Alisimama, akashusha bega, akatoa mkono wake kwenye mguu wa kiti kama mtu aliyefika nyumbani. Na wakati sote tunaitazama miguu ya mfalme na msimamizi anaiomba ruhusa, yeye alivua kofia ya chuma, akaipachika juu ya kibao changu, akaniambia, "Shemeji, mimi nimefika," akapanda mlima, hakukimbia hata kidogo. Ningeweza kuita. Sikuita.

Muuza chumvi kamwona. Wala si mbali sana na pale, anachunga nyuki wa mjane mmoja mzee wa Urartu, kanenepa, kaanza kuwatukana nyuki kwa lugha ya huko. Kamuuliza muuza chumvi kama bado unaweka giligilani nyingi kwenye dengu, na kama mtoto kaota meno ya mbele. Hakusema uje. Alisema tu kwamba njia ya kondoo inafunguka shayiri ikishavunwa, na kwamba chumba anacholala ni kikubwa kwa mtu mmoja. Muuza chumvi hupita njia hiyo na punda wawili, na mmoja huwa hana mzigo.

Kwa hiyo hivi ndivyo ulivyo kuanzia leo: mjane halali, una shamba, na wa matofali hawatakugusa. Ukibaki, shamba ni la mtoto mpaka akue, na ndugu mdogo wa Remani atakuja na mkate na maneno matamu kabla mwezi haujaisha, namjua. Ukienda, watasema mjane karudi kwa watu wake, na shamba litapotea. Mimi sikuchagulii. Nimefika mpaka hapa kwa nguvu zangu zote, mbele ya hapa ni miguu yako.

Nisalimie mtoto, mwambie mjomba wake anamletea kijiti cha mshale kisicho na ncha. Nisalimie shangazi, mwambie mgongo wake namwombea kwa Gula kila nipitapo hekaluni. Mbuzi mkamue mwenyewe, usimwachie jirani. Ngozi hii ukishaisoma itumbukize kwenye maji ya kunyweshea ng'ombe, wino wake ni wa masizi, unatoka mara moja.

Na utakapopewa pole kisimani, lia, lakini usizidishe. Wajane wenyewe nimewaona langoni kwa Kisri. Hawapigi kelele.

Mdogo wako wa ziwa moja,
Zabinu